Nani Atabaki na Ng'ombe

Ukitaka kumkosesha Elisifa usingizi, mwambie kuna mtoto kitongojini kwao ambaye hajachanjwa. Hutamwambia mara mbili. Atavaa raba zake za bluu, atajifunga kitenge juu ya gauni, na kabla chai yako haijapoa atakuwa amefika kwa huyo mtoto anapiga hodi. Watu wa huku kwetu Machame walimpa jina la Mama Sindano, ingawa maishani mwake hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji, mwenye fulana ya mradi iliyopauka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, basi. Kazi yake ilikuwa kusema na watu, na kusema, aisee, Mungu alimjalia.

Kuna mzee mmoja mwenye wajukuu wengi, kila akimwona Elisifa anapandisha njia alikuwa akijitumbukiza migombani. Alijua ataulizwa habari za kila mjukuu kwa jina. Yule wa Rachel amerudia surua? Yule aliyekuwa na mafua siku ile, alipelekwa tena? Na ole wako ujibu "nadhani."

"Nadhani ndiyo nini, baba? Mtoto anachanjwa kwa nadhani?"

Desemba, watoto wa mlimani wanaporudi nyumbani na magari yanajipanga mpaka kwenye mifereji, wenzake wanawaza nyama na pombe ya mbege. Yeye anawaza mikono ya wajukuu. Mwaka juzi binti yake mwenyewe, Goodness, mfanyakazi wa benki huko Dar, aliteremka kwenye gari na mtoto aliyepitwa na chanjo ya pili ya surua. Mama mtu alikuwa bize.

"Mama, tuko likizo," Goodness alilalamika.

"Surua haina likizo."

Mkesha wa Krismasi huo huo akamtia mjukuu mgongoni, akateremka naye mpaka zahanati, akamkuta nesi Flavia anatafuta kufuli afunge mlango. Flavia akanung'unika kwamba hawezi kufungua chupa nzima ya dawa kwa ajili ya mtoto mmoja, tena mtoto ambaye anahesabiwa Dar.

"Dar ndiko atakakougulia?" Elisifa alimuuliza. "Mtoto ni mtoto, Flavia. Fungua."

Flavia akafungua. Maneno hayo ya mtoto ni mtoto yalimrudia Elisifa baadaye, na yalimrudia vibaya.

Njia yake ya kazi ilikuwa moja, nayo ni kanisa. Kila ilipokaribia siku ya kliniki ya mkoba, siku ambayo Flavia hupanda na boksi la chanjo kuja kuchanja watoto kwenye darasa la Sunday school, Elisifa alisimama Jumapili yake wakati wa matangazo. Wengine hutangaza wakiwa wamesimama kando. Yeye alipewa kipaza sauti, maana usharika mzima ulipenda kumsikiliza. Atawatania kina baba, atamtaja mtu bila kumtaja, watu watacheka, na wakitoka kwenda kwenye mnada wa sadaka za mayai na ndizi kila mmoja anaijua siku, saa na mahali. Wakatoliki nao hakuwasahau. Kwao alimtumia Mektrida, rafiki yake wa chama cha maziwa, ambaye alitangaza parokiani. Walevi aliwafuata kilabuni. Kitongoji chake kila mwaka kilitajwa kwenye vikao kwamba watoto wake wamechanjwa wote, asilimia mia, na Elisifa alikuwa anainamisha kichwa kama mtu mwenye aibu, lakini masikio yote yako wazi.

"Huku nani hasali?" alikuwa akisema. "Mtu wa huku akikuambia hakusikia, ujue hakutaka kusikia."

Sasa nyumbani kwake kulikuwa na ng'ombe. Wa maziwa, mwekundu, wa kulishiwa bandani kama ng'ombe wote wa mlimani, kwa kuwa kihamba, shamba la nyumbani, ni migomba na kahawa tupu na hakuna pa kuchungia. Mumewe Efraimu alimwita Mchumba. Alisema mkewe hajawahi kumwangalia yeye kwa jicho analomwangalia yule ng'ombe, hata mwaka ule wa uchumba wao. Ng'ombe wa bandani haendi kutafuta, analetewa: majani, maji, migomba ya kukatakata, tena Jumapili anakula kama Jumatatu. Efraimu magoti yalikuwa yamemwisha. Ndiyo maana katika chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya kahawa, walikaa Mkumbo na mkewe Yunisi.

Walikuwa watu wa Singida, wa kule Kiomboi. Mkumbo alikuwa mpagazi. Alipanda mlima na mizigo ya watalii, akikaa huko siku kadhaa, akirudi midomo imepasuka kwa baridi. Yunisi alishika ng'ombe. Alikuwa msichana mpole, Mlutheri kama wao, mwenye kuimba akikata majani, na kila asubuhi alimwamkia Elisifa kwa kupiga goti kidogo, desturi ambayo Elisifa alimkataza na kuipenda papo hapo. Alikuja na katoto kachanga. Kaliitwa Damari, kalikuwa na mashavu ya kufinywa, na kalipoanza kusimama kalimshika Efraimu fimbo yake ya kutembelea kasimwachie.

"Huyu ndiye mjukuu wangu wa hapa," Efraimu alisema. "Wengine nawaona kwenye simu."

Kwa hiyo Jumapili ikawa hivi. Elisifa na mumewe wanavaa, wanafunga mlango wa mbele, wanakwenda ibadani, na Yunisi anabaki na ng'ombe. Hakuna aliyekaa chini akaamua jambo hilo. Kila nyumba yenye ng'ombe na msaidizi ilifanya vivyo hivyo, na bado inafanya.

Siku moja ya kliniki, mwezi wa pili, aliyezoea kubeba mizani aliumwa. Elisifa akamwita Yunisi. Yunisi akajitwika ile mizani ya kuning'iniza pamoja na mfuko wa zile suruali za kupimia watoto, na Damari mgongoni, kichwa kikichungulia begani, wakapanda mpaka darasa la Sunday school. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Flavia akampokea mizani, akamfinya Damari shavu akasema, "Kazuri haka!" Yunisi akasimama pale karibu na meza, anatazama.

"Haya, mwanangu, asante sana," Elisifa akamwambia. "Rudi upesi, Mchumba hajanywa maji."

Yunisi akarudi.

Miezi michache baadaye habari zikaja kwamba surua imeingia. Imeingia chini, tambarare, kwenye mashamba makubwa na makambi ya vibarua, kwa watu wa kuhamahama ambao leo wako hapa kesho wako kwingine. Kwenye kikao cha zahanati watu wakatikisa vichwa. Wakasema ndiyo hao hao, hawasikii hao, elimu ndogo. Elisifa naye akasikitika, tena kwa moyo kabisa, maana si mtu mbaya.

"Maskini watoto wa watu," alisema. "Lakini kwangu haipandi."

Na mwaka ule majani ya ng'ombe yalikuwa adimu mlimani, kwa sababu mvua za masika zilikuwa za kuonjesha. Wenye ng'ombe walifanya wanavyofanya siku zote majani yakiadimika: wakakodi pikapu kwa zamu, wakawashusha wasaidizi wao tambarare kukata majani na mabua ya mahindi, wakawapandisha jioni wamekaa juu ya mzigo. Yunisi alishuka na wenzake. Damari angemwachia nani? Alishuka naye. Mchana jua likiwa kali walijikinga chini ya mgunga pamoja na vibarua wa kule, watoto wakachezea mtandio mmoja. Wale wa kule walikuwa na mafua, macho mekundu. Nani angejali mafua? Jioni Mchumba alikula vizuri, akakamuliwa vizuri, na Elisifa akamsifu Yunisi kwa majani mazuri.

Haikufika wiki mbili, Damari akawa na joto. Elisifa alimgusa paji la uso akasema ni meno. Siku ya pili pua zikatoka, macho yakawa mekundu, mtoto anageuza uso kukwepa mwanga wa dirishani. Elisifa akasema ni baridi ya mlimani, akamchemshia maziwa. Siku ya nne asubuhi Yunisi alikuja mlango wa jikoni bila kupiga goti.

"Mama, njoo umwone."

Vipele vilikuwa vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka shingoni, kifuani. Elisifa aliviangalia. Picha ya vipele hivyo hivyo alikuwa nayo kwenye bango la mradi, aliionyesha makanisani na vilabuni, aliwafundisha watu wazima wenzake kwa kidole: vinaanzia hapa, vinashuka hivi. Akavaa raba zake, wakateremka zahanati.

Zahanatini Flavia hakuhitaji kuangalia sana.

"Hii ni surua," alisema. Kisha akamgeukia Yunisi. "Kadi ya mtoto iko wapi?"

"Ilibaki Kiomboi. Alichomwa zile za mwanzo. Hizi za baadaye tukawa tumeshakuja huku."

"Miezi yote hii!" Elisifa alipaza sauti, na mpaka leo anaisikia sauti ile. "Yunisi! Unakaa nyumbani kwangu! Hukunisikia nikitangaza?"

"Wewe unatangaza kanisani, Mama," Yunisi alijibu taratibu. "Mimi kanisani huwa sipo."

"Si ungeniuliza?"

Yunisi alimsogeza mtoto begani. Hakuwa anagombana. Alikuwa anajibu alichoulizwa.

"Nilifikiri za huku ni za wenyeji. Siku ile nilipoleta mizani nilitaka kumuuliza nesi. Ukasema ng'ombe hajanywa maji."

Flavia akainama akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Elisifa alimtazama Damari. Mtoto wa Dar alimbeba mwenyewe mgongoni mkesha wa Krismasi. Huyu wa uani kwake aliletwa mpaka mezani pa chanjo, naye akamrudisha.

Damari alikuwa anapumua upesi upesi, mbavu zikiingia ndani. Jirani mwenye gari akawashusha hospitali mjini. Njia nzima Elisifa alikuwa akiongea kwa wasiwasi, mara amwambie dereva apunguze, mara amwambie akaze, mpaka Yunisi akamshika mkono kumtuliza. Yaani mama mwenye mtoto ndiye akawa anamtuliza yeye.

Walipokelewa vizuri, hilo Elisifa hakuacha kulisema. Damari alipelekwa chumba cha peke yake, akawekewa mrija wa oksijeni puani, na mwenye ruhusa ya kuingia akawa mama yake tu. Daktari kijana, mwenye macho ya mtu aliyekesha, alitoka akamweleza Elisifa kwamba mapafu yameshikwa.

"Kuna dawa gani, mwanangu?" Elisifa alimuuliza. "Andika tu. Tutaitafuta popote."

"Ya mapafu tunampa, mama. Surua yenyewe haina dawa. Tunamsaidia apumue, tunampa vitamini, tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

Daktari akamwangalia kwa huruma. "Tunasubiri mwili wake, mama."

Sasa mniambie, mtu kama Elisifa anasubirije? Alitoka nje akampigia Flavia simu kumuuliza kama mtoto akichanjwa sasa hivi, leo leo, haitasaidia hata kidogo. Swali lile alikuwa ameshalijibu mara ngapi kwa wengine! Flavia hakumcheka. Alisema, "Imeshachelewa, dada," na Elisifa akakata simu. Alinunua sabuni, akanunua chupi za mtoto, akanunua beseni ambalo halikuhitajika. Aliletewa chupa ya mtori kutoka nyumbani akaipitisha kwa nesi wa wodi, ikarudi imejaa. Akakaa kwenye benchi. Akasimama. Akakaa.

Pembeni yake alikaa mwanamke mgeni na kichanga. Mazoea ni mazoea; Elisifa akamgeukia, akafungua mdomo kumuuliza kama huyu mtoto amemaliza chanjo zake. Nani alikuwa yeye wa kumuuliza mtu? Akamuuliza tu jina la mtoto, na alipoambiwa hakulishika.

Kumpata Mkumbo ikawa shughuli nyingine. Alikuwa mlimani, simu haipatikani, na hakuna aliyejua yuko kambi gani. Efraimu akamwendea Isack, kijana wa jirani ambaye ni mwongoza watalii, na Isack akaomba getini ujumbe upandishwe kwa redio za waongozaji. Jibu likaja kwamba kundi la Mkumbo liko juu kabisa, wanapeleka wageni kileleni, atashuka atakapopata nafasi. Kutoka kwenye dirisha la korido ya hospitali mlima ulionekana wote siku ile, mweupe, hauna hata wingu. Elisifa aliutazama akauchukia. Baba mtu alikuwa pale pale mbele ya macho yake, na hapakuwa na namna ya kumwita.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Efraimu.

"Mke wangu, Mchumba analia. Hajala tangu asubuhi. Mimi na magoti haya sijui nifanyeje."

"Mwambie na mimi nalia!" Elisifa alifoka, korido nzima ikageuka. "Muulize Mchumba alitaka majani ya wapi! Muulize!"

Efraimu akasema pole. Hakuwa na kosa lolote, mzee wa watu, na Elisifa alijua. Akakata simu akalia kwa sauti, akijiziba mdomo kwa pembe ya kitenge.

Siku iliyofuata Damari alifumbua macho asubuhi. Yunisi alitoka mara moja mpaka mlangoni kusema amenyonya kidogo, na Elisifa akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka mlinzi akacheka. Alipiga simu nyumbani, akapiga kwa Flavia, akampigia hata Goodness Dar. Akamwambia Yunisi kupitia mlango kwamba akitoka hapa atamchanjisha mwenyewe kila chanjo, ampeleke kliniki yeye mwenyewe mkononi, na Jumapili watakuwa wanakwenda kanisani wote, ng'ombe atajijua. Yunisi akatabasamu, akafunga mlango. Mchana kupumua kukarudi kuwa kwa shida.

Ilikuwa saa za alasiri, jua limejaa ukumbini, watu wanaingia na vyakula vya wagonjwa. Elisifa alimwona Yunisi anakuja taratibu kwenye korido. Kile kitenge cha kumbebea mtoto kilikuwa mkononi mwake, amekikunja vizuri, kona kwa kona, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Elisifa akakitazama kitenge, hakumtazama Yunisi usoni. Akaelewa.

"Amepumzika, Mama," Yunisi akasema.

Elisifa ndiye aliyeanguka chini. Yunisi alibaki amesimama na kitenge chake.

Mkumbo alifika kesho yake mchana, na matope ya mlimani bado yako kwenye viatu. Alikuwa ameshuka peke yake, mbio, baada ya ujumbe kumkuta njiani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, mbele ya chumba cha nyuma, watu wakija kumpa pole. Mfukoni mwa koti lake la baridi kulikuwa na biskuti za wageni, maana kila akishuka alimletea Damari kitu. Hakuzitoa wala hakuzitupa. Alimwamkia kila mzee shikamoo, akamshukuru kila mmoja, na Elisifa alitamani huyu mwanamume amtukane. Amtukane mbele za watu, amalize. Mkumbo akamwambia, "Pole na wewe, Mama. Umehangaika naye sana."

Efraimu alimwendea kwa fimbo yake akamwambia mtoto azikwe hapo kihambani, upande wa masale, ile mimea ya heshima inayopandwa makaburini, walipolala wazazi wake mwenyewe. Kwa mtu wa huku hayo si maneno madogo. Ndugu zake walinong'ona, kwa kuwa kihamba ni cha ukoo na hazikwi humo mtu wa mbali, lakini mzee aliwakazia macho wakanyamaza. Haikusaidia.

"Asante, Baba," Mkumbo alijibu. "Tunampeleka kwao."

Usharika ukatoa gari na dereva. Alfajiri, kijisanduku kikiwa kimeshapakiwa, Elisifa alitoka ndani amevaa nguo nyeusi, ana mkoba wake, ana blanketi la safari. Hakuna aliyemwambia aende; alikuwa ameamua. Angekaa kule Kiomboi, angemwangalia mama yake Yunisi usoni, angesema. Alikuwa hajui angesema nini, ila angesema. Alishika mlango wa gari apande.

Yunisi alikuwa ameshakaa ndani, amekumbatia mfuko wa nguo za mtoto. Alimtazama Elisifa na mkoba wake, halafu akatazama kule bandani, Mchumba alikokuwa anagonga kichwa kwenye ubao kwa njaa. Aliuliza vile vile alivyokuwa akiuliza kila siku mambo ya kazi, bila ukali wowote.

"Mama, ukienda wewe, nani atabaki na ng'ombe?"

Efraimu hawezi kubeba maji. Majirani wameshatawanyika. Elisifa akauachia mlango, gari likateremka, yeye akabaki uani na blanketi lake.

Hawakurudi. Mkumbo alituma ujumbe mmoja wa shukrani kwa simu ya Efraimu, wa heshima, mrefu, na chumba cha nyuma kikarudi kuwa stoo.

Baadaye kidogo Flavia alipanda kumjulia hali. Wakanywa chai. Flavia alizungukazunguka maneno, mwisho akasema hesabu za mwaka zimetoka, kitongoji ni kile kile, asilimia mia, na kwamba Elisifa ameibuka kidedea tena kwenye kikao.

"Punguza," Elisifa akasema.

"Nipunguze nini, dada?"

"Mmoja amekufa kwa surua, Flavia. Nyumbani kwangu. Mia inatoka wapi? Punguza mmoja."

"Nimeuliza, niamini," Flavia akasema, ameinamisha macho. "Huku hakuwa amehesabiwa. Singida wameandika amehama. Nitampunguza vipi mtu ambaye hayumo?"

Elisifa akamwangalia. Akamwomba tena, hivi kwa kumshika mkono, kama vile Flavia ana uwezo. Flavia akalia. Chai ikapoa, wakaimwaga.

Jumapili kabla ya kliniki iliyofuata, Elisifa hakwenda ibadani, kwa kuwa msaidizi mwingine hawajampata na ng'ombe anakula Jumapili. Tangazo alilitunga mwenyewe tangu Ijumaa, akampa Hilda wa kwaya alisome. Safari hii hakuweka utani. Aliandika: na watoto wa wasaidizi wetu, wa wakata majani, wa wote walio vyumba vya nyuma, waje, ni zao. Alilisoma mara nyingi mpaka akalijua kwa moyo. Kisha akavaa mabuti ya Yunisi yaliyoachwa mlangoni, yakambana, akaingia bandani na panga kukata mgomba.

Kanisa lao lina spika juu ya mnara. Miaka yote Elisifa aliamini sauti yake inafika mlima mzima. Saa ya matangazo ilipofika alisimama, akamshika Mchumba pembe asitafune kwa kelele, akasikiliza. Kilichofika bandani kilikuwa mngurumo tu, unapanda unashuka juu ya migomba, huwezi kujua ni Hilda au ni mchungaji, ni tangazo au ni sala. Alijua kila neno lililokuwa linasemwa kule, maana aliliandika kwa mkono wake, na hakusikia hata moja.

Hapo ndipo akasikia panga jingine. Lilikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani Sifael, linakata mgomba polepole, na katikati ya kukata kulikuwa na sauti ya mtoto anayebembelezwa usingizi, ile ya kuguna guna mgongoni mwa mama. Kwenye daftari lake la kazi, kwa Sifael yeye aliandika kwamba hakuna mtoto mdogo. Alikuwa ameingia nyumba ile mara ngapi, akanywa chai sebuleni?

Aliliendea ua, akayasukuma majani.

"Hodi!" aliita. "Hodi huko! Nani yuko hapo? Una mtoto, mwanangu?"

Panga likanyamaza. Mtoto naye akanyamazishwa. Elisifa alikuwa ameshika majani ya ua kwa mikono miwili. Kisha sauti ya msichana asiyemjua ikajibu kwa adabu zote, kutoka ndani ya banda:

"Shikamoo, Mama. Wenyewe hawapo. Wameenda kanisani."